Msifute majina kwenye santuri

Wauzaji wa vitu vya zamani, nawaomba msifute majina yaliyoandikwa kwenye santuri. Bibi yangu wa Mombasa, Mungu amrehemu, hakumwazima mtu santuri ya taarabu bila kuandika jina lake mwenyewe kwanza kwenye lebo, kwa wino wa buluu, ili harusi ikiisha irudi. Nyingine hazikurudi. Kwa hiyo kila nikiona duka la vikuukuu naingia, napekua santuri zote, hata zilizokwaruzika zisizochezeka tena. Sauti ya mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, naipata mtandaoni nikitaka. Mwandiko wa bibi haupo kwingine. Hakuacha barua wala daftari. Kwangu mimi santuri yenye jina ina thamani kubwa kuliko iliyosafishwa, na nitailipia zaidi.