Bomba la gesi lifike mpaka jikoni

Vijana wenzangu, ukitaja bomba la gesi hapa Nyarugusu watu wanacheka. "Sisi tunahangaika na kuni, wewe unaongea bomba!" Ngojeni kwanza. Linatuhusu.

Gesi ya Songo Songo inazalisha umeme Tanzania tangu 2004. Mwaka 2015 likakamilika bomba kubwa la kutoka Mtwara mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Kigoma halikufika, ni kweli. Ila umeme unasafiri. Mkoa huu uliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli. Ulipoungwa kwenye gridi ya taifa, hata fundi wa kuchomelea huku magharibi akaanza kutumia nguvu ambayo sehemu yake inatoka kwenye gesi ya pwani.

Sasa fikiria kanda nzima. Mei 2021 Tanzania na Kenya zilitia saini makubaliano ya bomba la Dar es Salaam mpaka Mombasa. Likijengwa, viwanda vya Mombasa vitapata nishati ya jirani, na Tanzania itapata mteja wa karibu. Tena majirani wanaouziana wanafikiri mara mbili kabla ya kugombana. Sisi tuliokimbia vita tunajua hiyo ina thamani gani.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana, wengine wakapoteza maisha. Walikuwa wanauliza: gesi ikiondoka, sisi tunabaki na nini?

Swali lao ni letu pia. Mama zetu bado wanatoka kambini kutafuta kuni. Siku moja dada yangu alirudi bila kuni na bila viatu. Mpaka leo hataki kusema kilichotokea. Na wenyeji nao wanaona miti yao inaisha, ugomvi unaanzia hapo.

Wengine wanadhani gesi ya mtungi ndiyo hiyo ya bomba. Hapana. Ya mtungi inakuja kwa meli kutoka nje, ndiyo maana bei inatushinda. Kwa hiyo ombi langu ni moja: sehemu ya pesa ya bomba ishushe bei ya mtungi na jiko, vijijini na kambini vilevile.

Bomba nalikubali, jamani. Ila faida yake nitaipima siku dada yangu atapika bila kwenda porini.

Mimi nimesema langu. Wewe unaonaje?