Adabu Iliyopita Kiasi

Miji midogo iliyojaaliwa lugha nyingi si adimu katika nchi yetu, walakini sijui mji ulioneemeshwa kwa jambo hilo kuushinda Kondoa. Humo mjini, na katika vijiji vinavyouzunguka hadi kuingia wilaya ya Chemba, hukutana Kirangi, ambacho ni cha jamii ya Kibantu. Lugha za Kialagwa na Kiburunge, ambazo nasaba yake ni ya Kikushi na jamaa zake wa mbali ni Kisomali na Kioromo. Kisandawe cha pande za Kwa Mtoro, chenye vidoko ambavyo ulimi wa mgeni hukataa kuviigiza. Na Kibarabaig cha wafugaji, ambacho asili yake ni ya Kiniloti. Wajuzi wa isimu huutaja ukanda huu, kutoka Kondoa kupita Babati hata Mbulu, kuwa ndio mahali pekee barani Afrika ambapo makundi makubwa manne ya lugha yamepakana kiambaza kwa kiambaza.

Juu ya lugha hizo zote kipo Kiswahili, nacho hapo hakikuletwa na shule. Kilifika na misafara ya wafanya biashara wa pwani katika karne ya 19, kikafuatana na dini ya Kiislamu, kikapewa kiti katika boma la Wajerumani, na leo ndicho kinachotumika katika khutba ya Ijumaa, mnadani, barazani na hata katika kuposa. Basi asinidhanie msomaji kuwa ni miongoni mwa wale wanaokitia Kiswahili hatiani kwa kila lugha inayodhoofika. Maana pasipo lugha hiyo Mrangi na Msandawe wangesalimiana kwa ishara, na udugu wa mji ule, ambao ni wa kweli, usingalikuwapo.

Ninalolilaumu ni jambo ambalo kwa asili yake ni jema, nalo ni adabu. Watu wa Kondoa, kama walivyo watu wengi wa miji ya mchanganyiko, huona ni utovu wa murua kusema lugha asiyoifahamu mmoja wa waliohudhuria, kwani atahisi anatetwa. Nenda katika nyumba yoyote wakati wa chakula cha jioni, mume Mrangi na mama mkwe wake Mwalagwa wakiwa wameketi na watoto, kisha jirani Mnyaturu abishe hodi: kabla hajavua viatu mazungumzo yote yamekwisha kugeuka Kiswahili, hata yale ya bibi na mjukuu wake juu ya kipande cha nyama. Hiyo ni insafu, wala hakuna wa kuikataa. Ajabu ni kwamba jirani akisha kuaga na kwenda zake, Kiswahili hakiondoki naye. Mama anaendelea nacho kwa kuwa ndicho kilichokuwa mdomoni, baba anaendelea nacho kwa kuwa mkewe naye ni wa kabila jingine, na bibi, ambaye nusu ya maisha yake hakukihitaji ila sokoni, anamwambia mjukuu neno kwa Kialagwa akajibiwa kwa Kiswahili, tena kwa heshima zote, shikamoo ikiwa mbele. Baada ya miaka michache bibi naye huchoka, akahamia upande wa mjukuu. Hapo hapakutungwa sheria wala hapakutolewa amri. Staha aliyostahiki mgeni imelipwa kutoka katika haki ya mwenyeji.

Wapo watakaosema kwamba kinachopotea ni ngoma na hadithi, na kwamba hizo zaweza kuandikwa kwa Kiswahili zikahifadhiwa. Laiti ingekuwa hivyo tu! Kirangi kina tabia ambayo haipatikani ila katika lugha chache mno za Kibantu, mojawapo ikiwa ni ya jirani zake Wambugwe: katika kusimulia jambo lijalo, hulitanguliza tendo lenyewe, kisha ndipo kikalileta neno la kulionyesha wakati wake, kinyume cha mpangilio tuliouzoea sisi. Wako wataalamu wanaodhani kuwa desturi hiyo ilitokana na karne nyingi za kukaa na Wakushi, na kama ni kweli basi kila Mrangi anayesema kuwa kesho atalima anaitaja historia ya ujirani ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha kale.

Na kuna hili jingine, ambalo mimi hulipenda zaidi. Lugha ya Kialagwa inazo sauti mbili za kooni ambazo Waarabu huziandika kwa ain na kwa ile hha nzito. Waalagwa wengi ni Waislamu. Na kila aliyepita chuoni anajua ni jasho kiasi gani humwagika, na fimbo ngapi huliwa, kabla ya mtoto mwenye ulimi wa Kibantu kuzitoa herufi hizo kama inavyotakikana. Mtoto wa Kialagwa aliyenyonya lugha ya mama yake huingia chuoni nazo tayari. Sisi twamnyang'anya nyumbani kwa jina la maendeleo, kisha twamkabidhi kwa maalimu akafundishwe upya.

Shule nazo zina sehemu yake, kwani ziko ambazo hadi leo humwadhibu mtoto kwa kusema lugha ya kwao uwanjani, lakini hilo limekwisha kuandikwa mara nyingi. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliwataka wananchi waendelee kuzitumia lugha zao za asili na kujivunia, ikahimiza zitungiwe kamusi na vitabu vya sarufi. Na mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa atlasi nzima ya lugha za Tanzania. Kwa maandishi, basi, hatuna upungufu mkubwa. Upungufu uko hadharani, ambako kanuni za utangazaji huvitaka vituo vya redio vitangaze kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, hata pale ambapo wasikilizaji wote ni wa tarafa mbili tatu.

Sababu ya tahadhari hiyo inajulikana, nayo ni hofu ya ukabila. Kwa hofu hiyo hiyo sensa ya mwaka 1967 ikawa ya mwisho kuwauliza watu makabila yao. Hofu hiyo ilikuwa na hekima yake katika taifa changa. Lakini taifa hili sasa limepita nusu karne, Kiswahili chake kina siku yake duniani kila tarehe 7 Julai, na sioni ni hatari gani itakayoletwa na bibi wa Kiburunge akieleza redioni, kwa lugha yake, namna ya kuhifadhi mtama usiliwe na wadudu. Wenye mamlaka na waijaribu Kondoa kwa saa moja tu kwa juma, kila lugha kwa zamu yake, na tafsiri ya Kiswahili ifuate ili jirani Mnyaturu asihisi anatetwa. Na yakitokea mabaya, kibali ni chao, wakifute.