Koodineti si ruhusa: adabu ya kusaka vikasha huku Isinya

Leo tuachane kidogo na mambo ya programu na hifadhidata. Nataka kuongea kuhusu mchezo. Usikimbie, ni mchezo wa GPS, kwa hivyo bado tuko nyumbani. Unaitwa jiokeshingi, na nina malalamiko. Malalamiko yenyewe si kuhusu mchezo bali kuhusu jinsi unavyochezwa huku kwetu, kuanzia Kitengela, kuteremka na barabara ya Namanga hadi Isinya na Kajiado.

Kwa wale ambao hawaujui: mtu anaficha kikasha mahali fulani, anapima koodineti zake kwa GPS, kisha anaziweka kwenye tovuti ya geocaching.com. Wewe unazichukua, unaenda, unatafuta. Ukikipata unaandika jina lako la mchezo na tarehe kwenye kijidaftari kilichomo, unakirudisha palepale, halafu unaripoti kwenye tovuti kwamba umekipata. Vikasha vikubwa huwa na vitu vidogo vya kubadilishana; ukichukua kimoja, unaacha kingine cha thamani hiyohiyo au zaidi. Basi. Hakuna pesa wala kombe.

Mchezo huu una siku yake ya kuzaliwa. Hadi mwaka 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi ishara za GPS wanazotumia raia, na kosa lingeweza kufika mita 100 hivi. Uvurugaji huo ulizimwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Siku iliyofuata, tarehe 3, mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer aliweka ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza koodineti zake kwenye mtandao. Ndani kulikuwa na vitu kama programu za kompyuta, manati na kopo la maharagwe. Leo vikasha ni zaidi ya milioni 3 duniani. La kuchekesha ni kwamba ndoo ile ya kwanza leo isingekubaliwa: ilifukiwa nusu ardhini, na ilikuwa na chakula. Kanuni za sasa zinakataza yote mawili.

Haya, tuanze na kero ndogondogo, kisha tufike kwenye ile kubwa.

Kero ya kwanza ni namba zenyewe. Isinya iko karibu na S 01° 40' na E 036° 51'. Angalia ile S. Simu nyingi zikipewa namba bila herufi au alama ya kutoa zinadhani uko kaskazini mwa Ikweta. Ukiweka N badala ya S, kikasha chako cha Isinya kinahamia upande wa Baragoi, Samburu, kilomita 370 hivi kutoka hapa! Halafu kuna suala la dakika. Tovuti ya mchezo huandika digrii na dakika zenye desimali, kwa mfano 40.500. Mtu anasoma "dakika 40, sekunde 50" ilhali maana yake ni dakika 40 na nusu, yaani sekunde 30. Tofauti ya sekunde 20 ni mita zaidi ya 600. Hapo utazunguka mguu kwa mguu na mbuzi wa watu mpaka jua litue.

Na kama unapenda ramani za karatasi kama mimi, jua kwamba zile ramani za zamani za Idara ya Upimaji za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, lakini GPS inatumia WGS84. Nukta ileile, kwa misingi hiyo miwili, hutofautiana kwa mita 300 hivi. Kwa hivyo kabla hujamtukana aliyeficha, angalia kwanza kifaa chako kimewekwa kwenye msingi gani.

Kero ya pili ni uvivu wa kuripoti. Mtu anatafuta saa nzima, hakioni, anaona aibu, ananyamaza. Kule Ulaya ambako kikasha kimoja hutembelewa kila wikendi, kunyamaza kwako hakuna madhara makubwa. Huku vikasha ni vichache na wasakaji ni wachache, na mtu wa pili anaweza kufika baada ya miezi kadhaa. Ripoti yako ya "sikukiona" ndiyo habari pekee ambayo mwenye kikasha ataipata kwamba kuna tatizo. Iandike. Si aibu. Na ukikipata, usiandike "asante" peke yake ukaondoka. Sema kama kijidaftari kimelowa, kama mfuniko umepasuka kwa jua, kama kuna mchwa au nge. Na ubebe kalamu yako!

Kero ya tatu ni mtalii mkarimu. Huyu anapita kwenda Amboseli kupitia Namanga, anasimama, anatafuta, hakioni. Badala ya kuripoti, anaacha kichupa chake na kusema "nimewasaidia kukirudisha". Hujasaidia kitu. Kile cha kwanza labda bado kipo hatua tatu kutoka hapo, na sasa viko viwili, na kimoja hakina mwenyewe. Binamu yake ni yule anayeficha kikasha chake mwenyewe akiwa safarini, kisha anapanda ndege. Nani atakuja kukibadilisha mvua zikinyesha, wakati udongo mweusi wa huku unashika viatu na magurudumu kama gundi? Kanuni zinataka mwenye kikasha aweze kukitunza. Kama hukai karibu na huna mtu wa karibu aliyekubali kukitunza, usifiche.

Na tusiwaite wezi watoto wanaochukua kikasha. Kopo zuri lenye mfuniko ni mali. Nyumba ngapi Kenya zimeweka sukari au chumvi kwenye kopo la Kimbo? Ukiacha chombo kizuri kichakani bila maelezo, aliyekiokota ameokota.

Sasa kero kubwa, ile iliyonifanya niandike.

Mwezi fulani nilikuwa nje kidogo ya Isinya, simu mkononi, nikifuata mshale. Mzee mmoja aliyekuwa na ng'ombe wake alinisogelea. Tukasalimiana, akaniuliza habari za nilikotoka. Kisha akaitazama ile simu na kuuliza swali moja tu: "Unapimia nani?"

Hakuuliza ninatafuta nini. Aliuliza ninapimia nani. Mtu wa kompyuta akiona nukta kwenye skrini anaona mchezo. Mtu wa Kajiado akiona mgeni anatembea polepole kwenye nyasi, akitazama kifaa, akisimama, akirudi nyuma hatua mbili, akiinama kwenye nguzo ya ua, anaona kitu anachokijua vizuri sana: mpimaji ardhi, au dalali wa ploti.

Ana sababu. Ardhi hii iliwekwa kwenye ranchi za vikundi kwa sheria ya mwaka 1968. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo zikaanza kugawanywa, Kitengela ikiwa miongoni mwa za mwanzo huku, kila mtu akapata kipande chake na hati yake. Baada ya hapo wakaja wanunuzi kutoka Nairobi. Vipande vikakatwa tena vikawa ploti, ploti zikawekwa bikoni na seng'enge. Kila hatua ya hayo ilianza na mtu asiyejulikana anayetembea shambani na kifaa cha kupimia. Mzee yule hakuwa na ushamba wowote wa teknolojia. Anajua GPS inafanya nini kuliko wengi wetu, kwa sababu ameona matokeo yake.

Ndiyo maana nasema koodineti si ruhusa. Setelaiti inakuambia kitu kiko wapi. Haikuambii pale ni pa nani. Programu inachora nukta juu ya picha ya kijani na hudhurungi, hakuna ua, hakuna jina, na wewe unadhani ni pori tupu. Lakini ardhi isiyo na ua huku si ardhi isiyo na mwenyewe. Mara nyingine ua haupo kwa makusudi! Mwaka 2000, mwaka uleule wa ndoo ya Ulmer, ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola 4 hivi kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua wala kuuza, wanyama wapate kupita kati ya tambarare hizi na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambayo upande wake wa kusini uko wazi. Yaani familia imekubali kuacha mlango wazi kwa ajili ya pundamilia na nyumbu. Haikukubali kwa ajili yako.

Kuna pia suala la usalama. Nchi hii imeona tarehe 7 Agosti 1998, imeona Westgate 2013, imeona Garissa 2015. Mtu anayeficha kiboksi kilichofungwa kwa plasta nyeusi karibu na duka, shule, reli au kile kituo kikubwa cha umeme cha Isinya asishangae akiitwa na chifu. Hata Uingereza, mwaka 2011 katika mji wa Wetherby, wataalamu wa mabomu walilipua kiboksi kilichokuwa karibu na mkahawa. Kilikuwa kikasha cha jiokeshingi. Kama Wetherby waliogopa, Isinya wana haki ya kuogopa zaidi.

Najua jibu la baadhi ya wachezaji: "Utamu wa mchezo ni siri. Tukimwambia kila mtu, mchezo umekwisha." Sikubaliani. Siri ni kwa wapita njia. Haijawahi kuwa kwa mwenye ardhi, na kanuni za mchezo wenyewe zinasema uombe ruhusa kwa mwenye mahali kabla ya kuficha. Wachezaji wana jina la utani la mtu asiyejua mchezo, "muggle", walilolichukua kwenye hadithi za Harry Potter, na wanafundishana jinsi ya kumkwepa. Sawa, mjini. Lakini kumkwepa mzee kwenye malisho yake mwenyewe kana kwamba yeye ndiye aliyevamia mchezo ni kugeuza mambo miguu juu. Mgeni hapo ni wewe. Na mgeni hupiga hodi.

Tuna mfano wetu mzuri hapahapa nchini. Mwaka 2009 vijana walichora ramani ya Kibera kwa GPS, kazi iliyojulikana kama Map Kibera. Walioshika vifaa walikuwa vijana wa Kibera wenyewe, kwa hivyo njia iliyochorwa ilikuwa njia ya mtu anayeijua. Vifaa vilikuwa vya kawaida tu. Tofauti ni nani alivishika, na aliulizwa nani kwanza.

Basi mapendekezo yangu ni haya, kwa yeyote anayetaka kuficha au kusaka kati ya Kitengela na Kajiado:

1. Usifiche kabla ya kuongea na mwenye shamba. Si mtoto wa jirani, si mwenye duka. Mwenyewe. Mwonyeshe kikasha, kifungue mbele yake, mwonyeshe kijidaftari.

2. Kwenye ukurasa wa kikasha andika wazi kwamba ruhusa imetolewa, mahali pa kuacha gari au kushuka bodaboda, na boma la kusalimia kwanza. Usiandike majina wala namba za simu za watu.

3. Andika maelezo kwa Kiswahili pia. Ndani ya kikasha weka karatasi ya Kiswahili, na ya Kimaa ukipata mtu wa kukuandikia: "Huu ni mchezo. Hakuna kitu cha thamani wala cha hatari. Tafadhali kirudishe ulipokikuta."

4. Usifunge chochote kwenye seng'enge, na usiguse bikoni kabisa. Kuhamisha au kuharibu bikoni ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, na kesi za mipaka huku hazina mzaha.

5. Unaposaka, ukimwona mtu, salimia kabla hajauliza. "Supa" inatosha kuanzia. Kisha mwonyeshe simu na umweleze. Dakika tano tu. Akikwambia ondoka, ondoka, na uripoti kwenye tovuti ili mwenzako asitumwe palepale.

6. Usiweke chakula ndani. Fisi na nyani hawasomi kanuni.

Watu wataniambia haya yote yatapunguza idadi ya vikasha. Na yapunguze. Afadhali vikasha vitano ambavyo wenyeji wanavijua kuliko ishirini ambavyo kila kimoja kinamfanya mzee ajiulize kama shamba lake linauzwa nyuma ya mgongo wake. Hofu hiyo haiishii kwenye mchezo. Kesho atakuja mtu wa ramani ya visima au mpimaji mwaminifu aliyeitwa na familia yenyewe, na atapokelewa kwa macho tuliyoyasababisha sisi.

Kama una kikasha kwenye barabara hii na hujawahi kuongea na mwenye ardhi, nenda Jumamosi hii. Akikubali, vizuri, huenda ukaongezewa na chai. Akikataa, kitoe, na kwenye tovuti ukifunge siku hiyohiyo.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata.