Mtumishi Akiugua, Ujira Wake Ni Haki au Sadaka?

Liko swali ambalo watu wetu wa pwani walioko Nyeri, Karatina, Nanyuki na miji mingine ya Mlima Kenya huulizana, nalo ni hili: mwanamke anayekuja kufua na kusafisha nyumba akishikwa na maradhi, akalala wiki tatu au miezi miwili, je, aendelee kulipwa? Wako wasemao kwamba ujira ni wa kazi, na pasipo kazi hapana ujira. Wako wasemao kwamba kumwacha mgonjwa mikono mitupu ni ukatili. Na wako wengi zaidi wasiosema lolote, bali humpelekea shilingi mia mbili na kilo ya sukari, wakarudi kwao wakiona wametoka deni.

Kwa maoni yangu, makundi yote matatu yamechanganya mambo mawili ambayo yapaswa kutengwa. Lipo lililo haki ya mtumishi, na lipo lililo hisani ya mwajiri. Haki hulipwa hata kama moyo hautaki, na hisani hutolewa kwa kadiri ya uwezo. Mwenye kulipa haki akaiita hisani amemdhulumu mwenziwe mara mbili: amempunguzia chake, kisha akataka ashukuriwe.

Msomaji aliyeko Mombasa au Lamu huenda akauliza, kufua nguo kuna uzito gani hata kuandikiwe makala? Na aende Nyeri mwezi wa Julai. Ukungu hushuka tangu alfajiri, jua halionekani hata adhuhuri, na maji ya mfereji ni baridi ya kukata vidole. Nguo iliyofuliwa Jumatatu huenda ikaanikwa mpaka Jumatano haijakauka. Mwanamke anayeinama juu ya karai katika hali hiyo, nyumba baada ya nyumba, mwaka baada ya mwaka, si ajabu akapata maumivu ya viungo na kifua kisichoacha kukohoa. Aghlabu ametoka Majengo, Witemere au Kiawara, amekuja kwa miguu, na ana watoto wanaomngoja jioni arudi na unga. Siku asiyofanya kazi ndiyo siku ambayo unga haupatikani.

Watumishi hawa ni wa namna mbili. Yuko wa mwezi, ambaye ana nyumba moja na mwajiri mmoja. Na yuko yule wanaemwita siku hizi mama fua, ambaye Jumatatu yuko kwa mwalimu, Jumanne kwa mwenye duka, Alhamisi kwa karani wa serikali, na kila nyumba humlipa ya siku yake. Tuanze na wa mwezi, kwani hukumu yake ni nyepesi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 30, yasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kwa mwajiri wake, akiugua, ana haki ya siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, na baada ya hizo siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12. Sharti lake ni kumpasha mwajiri habari mapema, na kuleta cheti cha daktari au cha msimamizi wa zahanati kwa niaba ya daktari. Kifungu cha 34 chamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi wake amepata dawa anapougua. Na akiwa ameumia kazini, tuseme ameteleza juu ya sakafu aliyokuwa akiipiga deki, hapo si ugonjwa tu. Iko sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 2007 juu ya fidia ya majeraha ya kazini, nayo humtwika mwajiri mzigo huo.

Sheria haikusema kwamba haya ni ya wenye ofisi na viwanda peke yao. Mpishi, yaya na mfuaji wamo pia. Wala haisaidii kusema kwamba hatukuandikiana, kwani mapatano ya mdomo ni mapatano. Tena sheria hiyohiyo yasema kwamba mapatano ya kazi ya kufikia miezi 3 au zaidi yatiwe katika maandishi, na kazi ya kuyaandika ni ya mwajiri. Basi atakayekuja kusema "hatuna karatasi" ajue kwamba kasoro hiyo ni yake mwenyewe.

Sasa natuje kwenye dini, maana wengi wetu hukimbilia huko. Waliokaa vyuoni wanajua mlango wa ijara, na wanajua kwamba ujira ni malipo ya manufaa yaliyopatikana. Kwa hiyo husema, pasipo manufaa pana ujira gani? Hoja hiyo ni sahihi kwa kadiri yake. Lakini mlango huohuo watufunza kwamba waliopatana hufungwa na masharti yao, maadamu hayakuhalalisha haramu wala kuharimisha halali. Mtu anayeajiri mtumishi katika nchi ambayo sheria yake imeweka siku 14 za ugonjwa, ameajiri akiwa chini ya sharti hilo, alijue asilijue. Kumpa mgonjwa siku zake si haramu kwa madhehebu yoyote. Basi siku hizo zimeingia katika mapatano, na zimekuwa deni. Na dawa ya deni ni kulipa.

Kosa kubwa zaidi ni la yule anayengojea Ramadhani, akamtolea mtumishi wake mgonjwa katika zaka, kisha akahesabu kwamba ameondoa mawili kwa moja. Hili halisihi. Zaka ina watu wake wa mafungu manane, wala haitumiwi kumlinda mtoaji na deni alilokuwa akidaiwa. Fauka ya hayo, wengi wa watumishi wa Nyeri ni Wakikuyu waumini wa makanisa, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi zaka hapewi asiyekuwa Mwislamu, ijapokuwa sadaka yajuzu kumpa yeyote. Kwa hiyo mfuko wa zaka haukuwekwa kwa kazi hiyo. Lakini asichukue mtu tofauti ya dini akaifanya kisingizio. Sote tunakijua kisa cha kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia Mtume, rehema na amani zimshukie, ambaye alipougua Mtume mwenyewe alikwenda kumzuru, akakaa penye kichwa chake. Ikiwa haki ya kuzuriwa haikutazama dini, haki ya mshahara itaitazamaje?

Inafaa pia tujiulize, msemo huu wa pasipo kazi hapana malipo ulizoeleka vipi katika miji ile. Zamani za ukoloni, kibarua wa shamba la mlowezi alikuwa na kadi ya siku 30, iliyojulikana kwa jina la tiketi. Kila siku aliyofanya kazi ilitiwa alama, naye alipewa siku 42 za kuzimaliza zile 30. Siku aliyolala na homa haikutiwa alama yoyote, na mshahara ulingoja hadi kadi ijae. Mwezi wa kibarua haukuwa mwezi wa watu. Wazee wa Nyeri waliipata habari hii kwa migongo yao, wala si kwa kusoma. Walowezi wamekwenda zao na tiketi imekufa, lakini hesabu yake imebaki katika nyumba zetu wenyewe. Leo mwenye kuishika ni Mwafrika kwa Mwafrika mwenziwe, na pengine ni mjukuu wa aliyeibeba kadi ile.

Natuje sasa kwa mama fua, ambaye hukumu yake ni nzito. Sheria yasema kwamba kibarua wa siku akifanya kazi mfululizo kwa siku za kazi zifikazo mwezi, huhesabiwa kama mtu wa mwezi. Lakini huyu wetu huja nyumba moja siku moja kwa wiki, nyumba nyingine siku mbili. Kila mwajiri husema, "Huyu si wangu, mimi humpa ya siku yake." Mwalimu adhani mwenye duka atamsaidia, mwenye duka adhani karani atamsaidia. Mwanamke amefua nguo za nyumba tano kwa miaka sita, na siku anapolazwa Mathari au Tumutumu haonekani mmoja wa kusema, "Mtumishi wangu amelazwa." Ana waajiri watano, na mwajiri hana.

Matokeo yake hatuyatazami. Mama akilala, Jumatatu hubisha mlango binti yake wa miaka 12 au 13, amevaa sweta ya shule, asema, "Mama ameniambia nije nifue." Na bibi wa nyumba, kwa huruma yake, humpa kazi, ati asiwakatie riziki. Huruma hiyo imepotea njia. Mtoto yule palikuwa mahali pake darasani. Atakayekuwa na huruma ya kweli ampe ile pesa ya mama yake, kisha amwambie arudi shuleni. Kazi ya nyumba ile na ingoje, au ifanywe na vijana wa nyumba ambao wana mikono kama yeye.

Dawa iko, nayo si ngeni kwa pwani wala kwa mlimani. Sisi pwani tunajua kula kikoa, kila mmoja kwa zamu yake na fungu lake. Wakikuyu wana ngwatio, ambapo majirani hukusanyika wakalima shamba la mmoja wao leo na la mwingine kesho. Kwa nini nyumba tano zinazofuliwa na mwanamke mmoja zisifanye kikoa chao? Tuseme kila nyumba humlipa shilingi 500 kwa siku moja ya wiki. Akiugua, kila nyumba na itoe 500 zile zile kwa wiki ya kwanza, na 250 kwa wiki ya pili, kwa kipimo kilekile cha sheria. Nyumba moja imetoa shilingi 750 kwa wiki mbili. Mgonjwa amepata 3,750, amenunua dawa na unga, na binti yake yuko shuleni. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vitano huvunja bila ya taabu.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema kwamba watumishi watajifanya wagonjwa. Basi cheti cha zahanati kimewekwa kwa ajili gani? Tena ni vyema mwajiri mwenyewe aende akamzuru. Atapata thawabu, na macho yake yatamwonyesha kama mtu anaumwa au haumwi. Wa pili atasema kwamba yeye naye ni mtu wa kipato kidogo, hawezi kumlipa mgonjwa na kumlipa mwingine wa kushika kazi. Huyu ana udhuru wa kweli, na ndipo ile tofauti ya haki na hisani inapotufaa. Siku 14 ni haki, na mwenye kuajiri lazima azipige hesabu tangu siku ya kuajiri, kama anavyopiga hesabu ya kodi ya nyumba. Zikipita, yaliyobaki ni hisani: mwenye nacho aendelee kwa nusu au robo, asiye nacho amwekee nafasi yake wazi mpaka apone. Kuwekewa nafasi peke yake ni dawa, kwani mgonjwa ajuaye kwamba kazi yake ingalipo hataamka kitandani kabla ya wakati akajimaliza.

Wa tatu atauliza, je, ikiwa mtumishi ni mzima, ila mimi ndiye niliyemzuia asije? Hili lilitupata mwaka 2020. Korona ilipoingia nchini mwezi wa Machi, nyumba nyingi ziliwaambia watumishi wakae kwao, kwa kuogopa maradhi. Wako waliowalipa, na wako waliofunga mlango na mkoba pamoja. Mimi naona jambo hilo ni zito kuliko la ugonjwa. Mtumishi wa mwezi aliyekuwa tayari kufanya kazi, akazuiwa na mwajiri, ametimiza upande wake. Aliyevunja ni mwenye mlango. Asiyeweza kuendelea naye amwachishe kwa njia ya sheria, kwa notisi na haki zake, wala asimtundike hewani miezi mitatu, hakuachishwa na hakulipwa.

Nimelitaja la Nyeri kwa kuwa watu wetu wako huko ugenini, na mgeni hutazamwa kwa matendo kabla ya maneno. Lakini yupo mfuaji Kisauni pia, na Malindi, na Likoni. Kila mwenye kumweka mtumishi, siku ya kwanza anapomwonyesha ndoo na sabuni, na amwambie maneno matatu: mshahara wako ni kiasi hiki, siku zako za mapumziko ni hizi, na ukiugua nitakulipa hivi mpaka siku fulani. Kisha ayaandike katika karatasi mbili, ampe moja yake. Siku ugonjwa ukifika, hapatakuwa na haja ya kuulizana kama ni haki au ni sadaka, wala mgonjwa hatalazimika kuomba kilicho chake.