PAMPU INAJIZIMA, JE, NANI ANAIANGALIA?



Imeletwa hoja kwamba pampu mpya ya maji ikifika tumwachishe kazi mtunza pampu, kwa kuwa mashine hiyo inajizima yenyewe. Ndugu mmoja akatolea mfano Uingereza: huko hata visima vya gesi vinalindwa na kompyuta, watu wanalala. Mfano ni mzuri. Ila ndugu yetu kausoma nusu, nami naumalizia.

Huko Lancashire, Uingereza, kampuni ilichimba zaidi ya kilomita 2 kwenda chini. Wakasukuma maji yenye mchanga na dawa kwa nguvu kubwa mno mpaka mwamba ukapasuka, gesi itoke. Mwaka 2011 ardhi ilitikisika, kipimo 2.3, halafu 1.5. Kazi ikasimamishwa. Ndipo ukawekwa utaratibu wa taa, kama zile za barabarani mjini: vyombo vinasikiliza ardhi, na mtikisiko ukifika 0.5 wakati maji yanasukumwa, ni taa nyekundu, kazi inasimama saa 18.

Mwaka 2015 halmashauri ya pale ilikataa kisima kipya. Mwaka 2016 Serikali kuu ikaitengua, ikaruhusu. Wenyeji wakaambiwa wasiogope, taa zipo. Kazi ikaanza Oktoba 2018.

Sasa sikilizeni. Tarehe 26 Agosti 2019, saa mbili na nusu asubuhi, ardhi ikatikisika kipimo 2.9. Nyumba zikatetemeka, watu wakatoka nje. Na pampu? Zilikuwa zimezimwa! Hapakuwa na tone linalosukumwa wakati ule. Jamani, taa nyekundu ingezima nini? Chombo kile kinasema kilichokwisha tokea. Kinachokuja hakikijui. Novemba mwaka huo huo Serikali ikapiga marufuku kazi hiyo, wataalamu waliposema hawawezi kukadiria sawasawa mtikisiko utakuwa mkubwa kiasi gani. Mwaka 2022 marufuku ikaondolewa, na kabla ya miezi miwili kupita ikarudishwa.

Tena kuna jambo ambalo wapenda mashine hawalisemi. Ile 0.5 haikupangwa na kompyuta. Watu ndio walioiandika, na kampuni ikalalamika kwamba iko chini mno, ipandishwe. Anayetaka faida hutaka namba ipande. Mwenye nyumba hutaka ibaki pale pale. Kompyuta itatii yeyote aliyeishika.

Sisemi pampu yetu italeta tetemeko, msinicheke. Kisima chetu ni kifupi. Lakini nauliza: namba ya kuizima ataiweka nani? Akiipandisha mtu usiku apate maji ya bustani yake, nani ataona, kama mtunza hayupo?

Mimi napinga hoja hiyo. Kamati inakaa Jumamosi saa nne, chini ya mwembe. Mwenye la kujibu aje alijibu pale, asilinong'oneze kilabuni.

Katibu wa Tawi