Taka za Kongowea Zisizikwe: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili linawagusa wengi: wafugaji wa kuku na samaki, wachuuzi wa Soko la Kongowea, na kila anayeishi jirani na jaa la Mwakirunge. Ombi langu ni moja. Taka za matunda na mboga za Kongowea zitengwe palepale sokoni, zisichanganywe na plastiki wala vioo, kisha wapewe wafugaji wa funza wazigeuze kuwa chakula cha mifugo na mbolea.

Malori hufika Kongowea yamebeba viazi na kabichi kutoka bara, nyanya, ndizi, na maembe ya Kilifi na Kwale. Yaliyopondeka njiani na yaliyokosa mnunuzi hutupwa. Katika rundo hilo mna rutuba iliyotolewa na mashamba ya watu. Likifukiwa jaani, huoza bila hewa, likatoa gesi ya methani inayoongeza joto duniani, na majimaji yake meusi yakanywea ardhini. Kwa hiyo tunagharimika mara mbili: tunanunua dizeli ya kwenda kuitupa rutuba, halafu tunanunua mbolea ya kuirudisha.

Mdudu anayeweza kutuondolea hasara hii ni nzi askari mweusi, ambaye watoto wake ndio funza niliowataja. Najua neno funza linawasisimua wengi mwili, kwa hiyo naomba nimweleze. Nzi huyu si yule anayetua kwenye sahani zetu. Akishakuwa mkubwa hahitaji chakula, hunywa maji tu, huishi wiki moja au mbili, hana haja ya kuingia jikoni na haumi mtu. Jike hutaga mayai 500 hadi 900, tena hayatagi juu ya uchafu wenyewe, bali kwenye ufa mkavu ulio karibu nao. Ndiyo maana mfugaji hufunga pamoja vipande vya mbao, akaacha nafasi nyembamba katikati, akaviweka ndani ya kizimba cha neti penye jua, kwani bila mwanga wa kutosha nzi hawa hawapandani. Baada ya siku 4 hivi mayai huanguliwa.

Hapo ndipo kazi huanza. Funza wakiwekwa kwenye karai la maganda na matunda yaliyosagwa, hula usiku na mchana kwa takriban wiki mbili. Ukiweka mkono juu ya karai unahisi joto linalotoka kwao. Wakikaribia kuwa pupa, hatua ya kabla ya nzi, hubadilika rangi, kutoka nyeupe ya maziwa hadi kahawia iliyokolea, wakaacha kula na kupanda kingo wenyewe kutafuta pakavu. Tani moja ya taka mbichi, ikisimamiwa vizuri, hutoa kilo 100 hadi 200 za funza wabichi. Kinachobaki ni mabaki ya mfano wa udongo mweusi, ambayo yakiachwa yaive kwa wiki kadhaa huwa mbolea nzuri. Watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, waliijaribu mbolea hiyo katika mahindi, na ikafanya vizuri kuliko mbolea ya asili ya dukani waliyoilinganisha nayo.

Kwa sisi wafugaji, faida ya kwanza ni chakula. Chakula hula asilimia 60 hadi 70 ya gharama ya kufuga kuku, na kinachokipandisha bei ni protini, yaani soya na dagaa. Soya nyingi hutoka nje ya nchi. Dagaa wa Ziwa Victoria nao ni kitoweo cha maskini, na kila gunia linaloingia kwenye kinu cha chakula cha kuku limepungua kwenye sufuria ya mtu. Funza mkavu ana protini ya takriban asilimia 40. Anaweza kushika sehemu ya nafasi ya dagaa na soya, na kuku akakua vilevile.

Mombasa ina bahati nyingine ambayo hatujaitumia. Funza hawa hustawi zaidi kwenye joto la nyuzi 27 hadi 30. Huko nyanda za juu, mfugaji hulazimika kutafuta njia ya kuwapasha joto. Sisi joto tunalo bure, karibu mwaka mzima.

Mheshimiwa, nasisitiza kutenga taka sokoni kwa sababu ya usalama. Funza hula walichopewa. Taka zikichanganyika na betri na vyuma vilivyoshika kutu, madini mazito kama kadimiamu huingia mwilini mwao, kutoka hapo yakaingia kwa kuku, na mwisho kwa mlaji. Taka zilizokwisha kufika Mwakirunge zimeshachanganyika, na hakuna mfugaji mwaminifu atakayezitumia. Vijidudu vya maradhi tunaviweza kwa kuchemsha na kukausha vizuri. Sumu ya madini haiondoki kwa moto. Dawa yake ni kutenganisha mapema.

Sheria inakuunga mkono. Tangu mwaka 2017 Shirika la Viwango la Kenya lina kiwango rasmi cha wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa, na mwaka 2021 ukaruhusu kwa kuku na nguruwe. Hapa nyumbani, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kilimo, masoko na uzoaji wa taka. Kazi zote tatu ziko chini ya mamlaka yako. Hakuna haja ya kungoja Nairobi.

Naomba mambo manne. Kwanza, sehemu ya matunda na mboga pale Kongowea iwekewe makasha yake, na lori lake lisibebe kitu kingine. Pili, kaunti itenge kiwanja kisicho mbali na soko, vikundi vya vijana na kina mama vipewe nafasi ya kufuga kwa mkataba ulio wazi kwa kila mtu kuusoma, na maafisa wa mifugo wawakague mara kwa mara. Tatu, maafisa wa ugani wapelekwe kwa watafiti wa icipe wakajifunze kazi hii, kisha waje watufundishe sisi. Nne, wale wanaoishi kwa kuokota taka Mwakirunge wawe wa kwanza kuajiriwa, ili mabadiliko haya yasije yakawanyang'anya riziki.

Si mradi wa mabilioni. Unahitaji makasha, lori, kiwanja na amri yako. Anza na soko moja, matokeo yapimwe na yatangazwe, kisha masoko mengine yafuate. Mheshimiwa Gavana, tunakuomba utoe agizo hilo, nasi wafugaji tuko tayari kuzipokea taka hizo kuanzia siku litakapotolewa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji wa kuku, Kisauni