Jina la Bordeaux haliwashibishi wote

Chema chajiuza, husema wahenga. Hata hivyo, yanayojiri Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, yaonyesha kwamba chema nacho huweza kukosa mnunuzi. Divai nyekundu ya huko, itokanayo hasa na zabibu za Merlot na Cabernet Sauvignon, ilipata hadhi kubwa kupitia orodha ya madaraja ya mwaka 1855, ambayo haijabadilika sana hadi leo. Mashamba machache yaliyoorodheshwa yangali yakiuza kwa bei ghali. Lakini Wafaransa wamepunguza unywaji, nalo soko la Uchina limenywea. Mnamo 2023 ulitangazwa mpango wa kuwalipa wakulima ili wang'oe mizabibu ya hadi hekta 9,500. Wanaoumia ni wakulima wadogo wasiotajwa orodhani. Sifa ya wachache haiwezi kulisha eneo zima.